Ngoja Kwanza, Yaya

Généreuse anaipenda kazi yake, ingawa kuinua wazee kunaumiza mgongo. Kila asubuhi anaendesha gari kutoka mjini Buffalo, Marekani, hadi Amherst kumtunza bibi mmoja aitwaye Leetia. Anamwogesha, anampikia uji, anampaka mafuta miguuni. Kisha wanaketi wote wawili karibu na dirisha.

Leetia ni Mwinuit. Wainuit ni watu wa asili wa kaskazini ya mbali ya Kanada, kule ambako bahari yenyewe huganda. Alihamia Amherst kwa binti yake miguu ilipokataa kutembea. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini machache hayo yana pilipili. Siku moja theluji ililifunika gari la Généreuse lote. Leetia alichungulia dirishani, akakunja pua.

"Hii mnaiita theluji?" alisema. "Haya ni maji tu."

Akikubali jambo, hasemi ndiyo. Huinua nyusi tu; akikataa, hukunja pua. Généreuse hakuhitaji kufundishwa, maana kwao Kivu, mashariki ya Kongo, nyusi hujibu vilevile. Basi wakazoeana upesi.

Jumapili, baada ya kanisa, Généreuse alikuwa na shughuli nyingine. Watu wa kijiji chake, Kalambira, wametawanyika Amerika. Wengi wako Louisville, mtaa wa Iroquois. Wengine wako Reynoldsburg, kando ya Columbus. Wana chama chao, wanakiita mutuelle, na hukutana kwa simu. Mwenyekiti ni Jean-Baptiste wa Louisville, mfanyakazi wa ghala. Sauti yake ni kubwa, hata simu ungedhani haihitaji.

Jumapili moja Jean-Baptiste alianza mkutano bila hata salamu, kwa Kiswahili cha kwao Kivu.

"Habari mubaya," alisema. "Batu ya mbuga bamefika Kalambira. Banataka pori yetu ikuwe mbuga ya banyama. Bamesimika bigingi, bamepaka rangi nyekundu."

"Bigingi bimepita wapi?" aliuliza Généreuse.

"Chini ya mulima ya makaburi. Donc mulima yote iko ndani."

 Baba na mama wa Généreuse wamelala kwenye mlima ule. Tena, alipokuwa mtoto, aliwaona watu wa kijiji cha jirani wakifukuzwa pori lao lilipofanywa mbuga. Hakuna aliyewauliza kitu. Walitoka na watoto mgongoni, wakaishia kulima mashamba ya wengine. Jambo hilo hakulisahau kamwe.

"Tukatale!" alisema Zihindula wa Columbus.

"Tukatale kabisa!" wote wakaitikia.

"Mama Généreuse," alisema Jean-Baptiste, "pigia ndugu yako. Bahizire anasikiaka wewe tu."

Hilo lilikuwa kweli. Bahizire ni kitinda mimba wa mama yao. Walipokimbia vita, Généreuse ndiye aliyembeba. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini neno la dada yake hakulivuka. Jioni ile ile Généreuse alimpigia.

"Yaya, ngoja kwanza," alisema Bahizire. Kwao mdogo humwita hivyo dada yake mkubwa. "Bazee bangali banasemezana. Iko mambo tunataka kuuliza bale batu."

"Kuuliza nini? Banakuya kutunyanganya!"

"Pori inaisha, Yaya. Batu ya mbao banaimaliza. Pengine kama..."

"Bahizire! Muko kijijini, hamujue akili ya bale batu. Sisi huku tunabajua. Mungoe bigingi byote!"

Bahizire hakubishana.

"Sawa, Yaya," akasema.

Asubuhi ya Jumatano Bahizire na vijana wenzake waling'oa vigingi. Walinzi wa mbuga wakaja na bunduki. Watu walipiga kelele, mawe yakarushwa, risasi zikalia. Bahizire alipigwa risasi pajani. Wakambeba kwa machela ya miti kumpeleka hospitali. Njia ni ndefu, na ilikuwa imejaa matope. Damu ilimwishia njiani.

Hata kuzikwa karibu na mama yake hakupata. Walinzi walikuwa wameufunga mlima. Wakamzika nyuma ya shule, peke yake.

Kilio kilifanyika Buffalo, nyumbani kwa Généreuse. Watu walisafiri kwa magari kutoka Louisville na Columbus. Waliimba, walipika ugali na sombe ya majani ya muhogo, waliomba. Jean-Baptiste, mwanaume mwenye sauti yake ile, alilia kama mtoto. Kisha kila mtu akarudi kazini kwake, na Généreuse akabaki na sauti ya ndugu yake masikioni. Ilimchoma kwa sababu ilikuwa sauti ya mtu mtiifu.

Alirudi Amherst. Aliuweka uji mezani. Leetia alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Umetia chumvi mara mbili," alisema. "Nani amekufa?"

Généreuse alimweleza yote, kuanzia vigingi mpaka kaburi la nyuma ya shule. Leetia alisikiliza bila kumkatiza. Halafu akaushika mkono wake.

"Kwetu pia watu wa serikali walikuja na ramani," alisema. "Wakasema wanataka kulinda wanyama. Mimi nilikuwa mkalimani wao. Wazee wetu wakawauliza, mnawalinda dhidi ya nani? Maana tuliokuwa tukiishi na wanyama wale ni sisi."

"Mkakataa?"

Leetia alikunja pua. "Hatukukataa, hatukukubali. Tulisema, kwanza tuketi. Pasipo makubaliano, hakuna mbuga. Maongezi yakachukua miaka."

"Mkakubaliana nini?"

"Kwamba tutaendelea kuwinda mule ndani, na kuvua samaki, na kupiga hema walipopiga babu zetu. Kwamba vijana wetu watapata kazi ya ulinzi. Na kuna kamati. Nusu ya wajumbe tunawachagua sisi, nusu wanachaguliwa na serikali. Wanakutana kijijini kwetu, na wazee wanaongea lugha yao. Mzee akisema kulungu wamehama, hachekwi. Anaondoka na mtaalamu wa wanyama, wanakwenda kuangalia pamoja."

"Na mnaelewana?"

"Tunagombana sana. Serikali ina miguu mizito kuliko hii yangu. Lakini tunagombana tukiwa tumeketi. Na kaburi la baba yangu, mpaka siku niliyoondoka, nililiendea bila kumwomba mtu ruhusa."

Généreuse alijipangusa machozi. Leetia akamtazama.

"Tulikuwa na ndugu zetu mjini Ottawa," aliendelea. "Walikuwa wamesoma. Walitaka kutusemea, tena walitupenda kweli. Wazee wakawaambia, asanteni, tusaidieni, lakini ninyi hamlali hapa. Je, ndugu yako yeye alitaka nini?"



"Sikumuuliza," akasema Généreuse. "Alitaka kuniambia. Nilimkatiza."

Hapo alilia mpaka kifua kikamuuma. Watu wa mbuga hawakuwauliza watu wa Kalambira. Yeye naye, akiwa Buffalo na moyo wake wote mzuri, hakuwauliza. Leetia hakumwambia anyamaze. Alimwachia mkono wake alie nao.

Jumapili iliyofuata Généreuse aliomba kusema katika mkutano wa simu. Alieleza aliyoyasikia kwa Leetia.

Jean-Baptiste alikasirika. "Bahizire amekufa, na sasa unasema tukubali?"

"Sijasema tukubali," alijibu Généreuse. "Nasema tuulize. Sisi tulikata neno tukiwa huku. Ni mimi nilimwambia angoe. Iko mutu moya hapa aliuliza bazee banataka nini?"



"Hapana," alisema Zihindula taratibu. "Hata mimi sikuuliza."

Siku ile waliwapigia wazee wa Kalambira. Mzee Cubaka ndiye aliyeongea, na Chimène, mjane wa Bahizire, alikuwa kando yake.

"Sisi hatuchukie mbuga," alisema mzee Cubaka. "Pori ikiisha, chemchemi zitakauka. Lakini tunataka kufika kwa makaburi. Tunataka uyoga na dawa zetu. Balinzi batoke kwetu, batu benye banajua majina yetu. Na ule alipiga risasi asimame mbele ya sheria. Bahizire alikuwa anataka vile. Alisema atakwambia, Yaya yake."

Généreuse alijiziba mdomo asilie kwa sauti.

"Sisi tufanye nini, mzee?" aliuliza.

"Mututafutie avoka, aketi na sisi. Kusema, tutasema sisi."

Wakafanya hivyo. Walimpata mwanasheria Bukavu. Yeye alikwenda na wazee kila walipoitwa. Aliwaambia wasiweke kidole kwenye jambo wasilolielewa, na kwamba kila neno lisomwe kwa lugha yao kwanza. Maongezi yalipita mwaka mzima na zaidi. Mara mbili yalivunjika. Mara zote mbili wanawake wa Kalambira, Chimène akiwa mbele, walirudi kuketi mlangoni mwa ofisi ya mbuga mpaka wakafunguliwa.

Mwishowe pakawa na makubaliano. Pori likawa mbuga, na kamati ikaundwa, nusu yake watu waliochaguliwa na Kalambira wenyewe. Chimène ni mmoja wao. Njia ya makaburi ikafunguliwa. Wanawake wanaokota uyoga mchana bila kukimbizwa. Vijana wa kijiji wamevaa sare za ulinzi, na wakata mbao wamepungua. Kesi ya aliyempiga Bahizire bado haijaisha, na huenda itachukua miaka. Bahizire mwenyewe bado amelala nyuma ya shule. Hayo hayarudishwi na makubaliano yoyote.

Généreuse alimsimulia Leetia. Leetia akainua nyusi, akaomba uji.

Kamati ilikutana mara ya kwanza katika darasa la shule ya Kalambira. Chimène aliwasha simu, akaiweka juu ya dawati ili ndugu wa Amerika wasikie. Mzee Cubaka alifungua jambo la kwanza. Je, Bahizire ahamishwe akalazwe karibu na mama yake, au aachwe apumzike alipo? Wazee walianza kuulizana kwa sauti za chini. Mmoja alisema hivi, mwingine vile. Dakika zikapita. Généreuse alikuwa jikoni kwake Buffalo, na alijua vizuri kabisa yeye anataka nini.

"Bon," ilisikika sauti kubwa kutoka Louisville. "Sisi huku tunaona ya kama..."

"Ngoja kwanza, Jean-Baptiste," alisema Généreuse, na machozi yakamshuka. "Bazee bangali banasemezana."