Shingo ya Kapteni Chande

Usukani wa ndege namba tatu ulikuwa unajisukuma wenyewe. Ulikwenda kushoto kidogo, ukarudi, ukavutika nyuma taratibu, na kanyagio za miguuni nazo zikapanda na kushuka kama za cherehani inayokanyagwa na mtu asiyeonekana. Aliyeketi mbele ya usukani huo, Kapteni Chande Lukoo, mwenye miaka sitini na saba, alikuwa ameilaza mikono yake mapajani. Futi elfu nne juu ya Morogoro, rubani anayependwa kuliko wote nchini alikuwa abiria.

Sikudhani Mloka alimtazama kwenye runinga ya karakana, kikombe cha chai kikimpoa mkononi. Yeye ndiye fundi mkuu wa kikosi, na mashine ile aliitengeneza mwenyewe. Aliiita mwigarubani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amevibandika vihisio vidogo kwenye usukani na kanyagio za Chande, akirekodi kila alivyovuta na kila alivyokanyaga, kwa ajili ya kufundishia marubani wapya tu. Miaka miwili iliyopita, mikono ya Chande ilipoanza kutetemeka hata kikombe kikawa kinamwagika, Sikudhani alizichukua rekodi zile zote, akailisha nazo akili unde, akaifungia akili hiyo chini ya kiti. Tangu hapo namba tatu ilirushwa na mikono ya Chande isiyokuwa ya Chande. Walijua watu wawili tu duniani.

Kwa nini wafiche? Jamani, huo ulikuwa mwaka 2117. Mabasi ya angani yalijiendesha, droni za mizigo zilijipeleka hadi mlangoni, trekta zililima bila dereva, na Morogoro nzima usingempata kijana aliyewahi kushika usukani wa kitu chochote. Ndege nne za kikosi cha Mbayuwayu ndizo pekee zilizobaki chini ya mkono wa binadamu. Zilikuwa ndege kuukuu za jeshi, za pangaboi, zenye moshi na makelele, zilizofundishia marubani kabla babu za hawa wa sasa hawajazaliwa. Watu walizipenda kupita kiasi. Walijua majina ya marubani na ya mafundi, nani kaoa na nani anaumwa mgongo. Walileta mapapai na kuku hai pale langoni mwa uwanja wao wa ndege, Kingolwira, kuwashukuru.

Na katika wote hao, Chande alikuwa na lake. Ndege zote nne zilipofika kileleni mwa duara na kuanza kushuka, namba tatu ilichelewa. Sekunde moja na nusu tu, ikaning'inia pale juu peke yake, watu wakiwa wameziba midomo, kisha ikashuka na kujipachika mahali pake mbele ya namba nne. Uwanja ulilipuka. "Kawia ufike!" walipiga kelele, na kina mama walikuwa na kanga zilizochapwa maneno hayohayo. Mwigarubani ilichelewa vilevile, sekunde moja na nusu, bila kukosea hata mara moja. Sikudhani alijivunia hilo kuliko kazi zote alizowahi kufanya.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya mazoezi ya mwisho kabla ya maonyesho makubwa ya saa kumi alasiri. Watu wa televisheni walikuwa wamefunga kamera ndogo mbele ya kila rubani, ili wananchi wawaone nyuso, na ndiyo maana kwa mara ya kwanza Sikudhani aliuona uso wa Chande akiwa angani.

Ndege zilifika kileleni. Chande akageuza shingo, akatazama nyuma kushoto.

Nyuma kushoto kulikuwa na namba nne, iliyorushwa na Tunu Kibena, binti wa miaka ishirini na tisa. Wakati huohuo upepo wa milima ya Uluguru ukampiga Tunu, ukamsukuma mbele hadi kwenye nafasi ya namba tatu. Sikudhani alimwona Chande akiruka kitini. Alimwona akiudaka usukani kwa mikono yote miwili na kuuvuta, na usukani ukakataa, kwa sababu Sikudhani alikuwa ameufunga ili mtetemo wa mikono yake usiuguse. Mashine ilingoja sekunde yake moja na nusu, ikashuka kama kawaida. Ilimkosa Tunu kwa mita tatu hivi. Tunu mwenyewe, aliyezibwa na bawa la ndege yake asione, hakujua lolote.

Kikombe kilimponyoka Sikudhani. Aliirudisha picha nyuma, akaitazama mara ya pili, kisha akaitazama mizunguko yote ya asubuhi ile. Kila mzunguko shingo iligeuka kwanza, ndipo ndege ikachelewa.

Chande aliingia karakanani akiwa na rangi ya majivu, akakaa juu ya debe la mafuta.

"Kaka Chande," Sikudhani alisema, "ile shingo."

"Shingo gani?"

"Usinifanye mtoto mimi."

Chande aliibana mikono yake kwapani ili itulie. "Zahoro," akasema.

Zahoro alikuwa rubani wa namba nne, aliyeanguka mbele ya watu miaka kumi na tisa iliyopita. Ripoti iliandika kwamba injini ilimfia.

"Injini ilimsumbua kweli, akatoka kwenye mstari," Chande alisema. "Mimi nikashuka kwa hesabu yangu bila kugeuka. Bawa langu ndilo lililomgusa, Siku. Waliandika injini, nami nikanyamaza. Tangu siku ile sijawahi kushuka bila kumwangalia wa nne kwanza. Namtazama, namwona yuko salama, ndipo nashuka."

"Na watu wakadhani ni madoido."

"Walishangilia. Ningewaambia nini?"

Sikudhani alikuwa mwanamke wa kusema ovyo, mwenye utani kwa kila mtu, lakini sasa maneno yalimtoka moja moja. "Nilirekodi mikono. Nikarekodi miguu. Miaka kumi na moja, kaka, sikukosa hata siku ya mvua. Shingo sikuirekodi." Mashine yake ilikuwa inasubiri bila kujua inasubiri nini. "Miaka miwili tumemrusha yule binti pamoja na kipofu."

"Saa kumi turuke mara ya mwisho," Chande alisema. "Kesho nastaafu, naapa. Watu elfu sitini wako barabarani toka alfajiri. Mara moja tu, Siku."

"Zahoro ilimtosha mara moja."

Chande aliinamisha kichwa. "Basi nifungulie usukani, nirushe mwenyewe." Akainyoosha mikono yake mbele. Wote wawili waliitazama ilivyokuwa inacheza, naye akairudisha kwapani bila kuambiwa.

Hata hivyo, saa kumi ilipofika, alipanda. Ndivyo mapenzi ya watu yanavyomfanya mtu. Alivaa kofia yake, akawapungia watu, uwanja ukanguruma, naye akaketi kwenye namba tatu akimsubiri fundi.

Kikosi kile kilikuwa na desturi ya tangu enzi za jeshi. Hakuna ndege iliyosogea hata hatua moja kabla fundi hajaweka kiganja kwenye pua ya ndege hiyo na kusema, "Ndege yako," na rubani akajibu, "Ndege yangu." Sikudhani alianza na namba moja. Akaenda namba mbili. Akampa Tunu namba nne, na Tunu akamkonyeza. Kisha akaja mbele ya namba tatu, akasimama, mikono yake ikabaki mifukoni mwa ovaroli.

Watu wakainuka kutazama. Morogoro nzima ilijua desturi ile.

"Siku," Chande alinong'ona. "Nakuomba."

"Hapana, kaka. Si yako, wala si yangu."

Waliangaliana. Sikudhani machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi na hakuyafuta. Mwishowe Chande alifungua mkanda, akashuka kwa shida, akamwendea mtangazaji na kumpokonya kipaza sauti.

Aliwaambia yote. Mikono, mashine, Zahoro, bawa. Hakujipamba, wala hakumtaja fundi isipokuwa kusema kwamba ndiye aliyemzuia. Alipomaliza, mtu mmoja akapaza sauti, "Mwongo!" Wengine wakamzomea huyo. Halafu kutoka jukwaa la mashariki ikaanza kelele nyingine, ikakua, wakaidaka mamia: "Kawia ufike! Kawia ufike!" Mzee mmoja alisimama kwenye kiti akapiga kelele kwamba wao wamekuja kutazama, mashine au mtu yote sawa, irushwe hivyohivyo.

Chande alisimama amekishika kipaza sauti kile kama mtu aliyepewa mzigo asiojua pa kuuweka. Kumbe walichokipenda kingeweza kuruka bila yeye.

Tunu alikuwa ameshashuka. Alikuja akivua glavu, uso umemvimba kwa hasira, na Sikudhani akadhani atampiga mzee wa watu.

"Miaka miwili, Mzee Chande," Tunu alisema. "Nilikuwa nasema moyoni, mbele yangu yupo Chande, basi niko salama."

"Nisamehe, binti yangu."

"Ulikuwa unafanya nini humo ndani? Umelala?"

"Nilikuwa nakutazama," Chande alisema. "Kila safari. Siku aliniambia nibaki chini, aniwekee mwanasesere kitini. Nilikataa. Nilitazama, na sikuwa na mkono wa kufanya lolote."

Hasira ya Tunu haikuisha, ila ilikosa pa kwenda. Alimwangalia yule mzee, akayaangalia majukwaa, akamgeukia fundi. "Ndege tatu zinaweza kuruka?"

"Zinaweza," Sikudhani alisema. "Jumatatu wakubwa wa mamlaka ya anga watatuletea barua za adhabu, mimi kwanza. Leo zinaweza."

"Basi mpe redio mzee. Akae hapa anione."

Zikaruka tatu. Sikudhani alimwekea Chande kiti katikati ya nyasi, akamfunga redio kifuani ili asilazimike kuishika. Mtangazaji, kwa kuchanganyikiwa, alisahau kuizima mitambo ya vipaza sauti, na sauti ya Chande ikasikika uwanja mzima.

"Nakuona, Tunu. Nakuona. Upepo unakuja kulia kwako. Punguza. Punguza, mwanangu. Hapo. Nakuona."

Kileleni zilishuka zote kwa pamoja, na mbele ya namba nne palikuwa wazi. Hakuna aliyening'inia, hakuna aliyeziba mdomo. Baadhi ya watu walipiga makofi. Wengine walikuwa wameanza kukunja mikeka yao, wakiwahi mabasi ya angani.

Mama mmoja mwenye kanga ya Mbayuwayu alimshika Sikudhani mkono pale langoni. "Usikasirike, fundi," alisema, "lakini mwaka jana zilipendeza zaidi."

"Kweli, mama," Sikudhani alijibu. "Zilipendeza sana."

Aliagana na yule mama, akakatiza kwenye nyasi kuelekea kwenye ndege, na kumkuta Tunu amekaa chini kwenye kivuli cha bawa, buti kavua, anakula chipsi kwa pupa, mzima wa afya.