Mshale Uliokataa Sifuri

Mshale wa geji ulikataa kukaa sifuri. Fundi Sikio aliuona akiwa anafuta mikono, kazi imekwisha, injini imezimwa, hata waya wa betri keshauchomoa. Mshale ukapanda kidogo, ukashuka, ukapanda tena. Akaigonga geji kwa kucha, nayo ikaendelea na shughuli zake.

"Umenipa geji mbovu!" alimpigia kelele mkewe.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spea kwa kuwa ndiye aliyeuza vipuri kwenye chumba cha mbele cha gereji, alichungulia dirishani. "Mabovu ni macho yako, baba. Nimeitoa kwenye boksi leo leo." Kisha akakohoa.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, jeupe, la bwana mmoja mpole aliyelileta likisukumwa. Pampu yake ilisukuma mafuta kwa nguvu mno, kabureta ikawa inafurika. Dawa ilikuwa rahisi: kukata mpira wa mafuta kati ya pampu na kabureta, kufunga hapo regyuleta ya kupunguza presha, na juu yake geji ya kuonyesha presha iliyobaki. Mwenye gari aliitikia kila kitu. Ila wakati wa kuondoka aligeuka, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, mpira wa gari hili usiupulize kwa mdomo. Nakuomba." Sikio alidhani anaogopa sumu ya petroli, akacheka moyoni. Wateja wa siku hizi wanajua kuliko mafundi.

Kompresa ya gereji, mashine ya kupulizia hewa, ilikuwa imekufa zamani. Na kwa vile kifua cha Sikio kilikuwa kibovu, kikikoroma hata akiwa macho, mpira wowote wenye uchafu ulipelekwa kwa Mama Spea, mwanamke mwenye mapafu ya mpiga tarumbeta. Ndivyo walivyofanya mchana huo pia, na lile ombi la mwenye gari Sikio hakulitaja. "Haya, kompresa nimefika," mkewe alitania, akautia mpira mdomoni, akapuliza mara moja kwa nguvu. Akautoa haraka na kujifuta midomo. "Mbona unanuka udongo wa mvua?" Na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi.

Sasa harufu ile ilikuwa imejaa chini ya boneti. Jina la Sikio alilipata kwa kutambua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza tu, basi akainama, akategesha sikio kwenye regyuleta. Kulikuwa na kitu humo ndani kikivuta hewa polepole, kikiiachia polepole. Mama Spea akakohoa dukani, na mshale ukaruka.

Alijaribu kujiambia kuwa imetokea kwa bahati tu. Akachukua bisibisi, akairudisha nyuma skrubu ya regyuleta kama afanyavyo fundi yeyote anayetaka presha ishuke. Mshale ukateremka, ukateremka, ukatulia sifuri. Akashusha pumzi. Hapo hapo makopo ya oili yakaporomoka dukani kwa kishindo.

Alimkuta mkewe chini, mdomo wazi, macho yamemtoka, kifua kimetulia kabisa. Sikio alirudi mbio kwenye gari akijigonga kwenye boneti, akakaza skrubu, na mshale ulipopanda tu akasikia kule dukani mtu akivuta hewa kama aliyetolewa majini.

"Usiiguse tena," Mama Spea alinong'ona alipomwinua. "Kuna mtu anapumua pamoja na mimi. Ananipokonya."

Akaitwa mganga, mteja wao wa siku nyingi. Alifika jua likizama, pikapu yake ikilia breki kama kawaida. Alinusa mlangoni tu, utani wote ukamwisha.

"Nani alipuliza?"

"Mke wangu. Nilimpa mimi," alisema Sikio.

"Jini huyu hana pumzi yake mwenyewe. Hukaa bombani akingoja atakayempa." Mganga alikoroga chumvi kwenye beseni la maji. "Ukiing'oa hiyo geji, ataondoka na pumzi ya mkeo. Mvute wewe kwa mdomo, umteme humu. Maji yakiwa meusi, ametoka. Lakini kabla hujatema, usitamke neno lolote. Ukitamka, umemkaribisha." Akaenda dukani kumshikilia mgonjwa.

Sikio aliogopa, lakini maisha bila mwanamke yule hakuyajua na hakutaka kuyajua, kwa hiyo akalegeza klipu, akauchomoa mpira, akautia kinywani na kuvuta, na badala ya petroli kikaja kitu baridi, kizito, chenye ladha ya udongo, kikajaza mashavu yake huku kikijipapasa kwenye meno kama kinachotafuta mlango, naye akafumba midomo na kupapasa gizani kulitafuta beseni, akalifikia, akainama, na hapo ndipo alipomsikia mkewe akivuta pumzi ndefu, nzima, safi, akicheka na kulia kwa pamoja, na furaha ikampanda Sikio kabla akili haijamwahi.

"Mama!" aliita.

Kitu kile kikateremka kooni. Akatema, yakatoka mate tu.

Mganga na Mama Spea waliporudi kutoka dukani, mshale ulikuwa sifuri. Mama Spea alimkumbatia. Mganga aliinamia beseni, ambalo maji yake yalikuwa meupe vilevile, akamtazama Sikio usoni kwa muda, akachukua mkoba wake na kwenda kwenye pikapu bila kuaga.

"Ametoka?" aliuliza Mama Spea.

"Ametoka," alisema Sikio.

Mkewe alilaza kichwa kifuani pake. "Ajabu. Leo hukoromi hata kidogo. Kifua chako kimepona, baba."

Sikio alifumba mdomo, akabana pua kwa vidole viwili, akashika pumzi. Chini ya kichwa cha mkewe, kifua kiliendelea kupanda na kushuka, polepole, na chumba kikaanza kunuka udongo wa mvua.