Kasha la Seva ya Shangazi Uwimana

Kila siku akitoka shule, Irakoze alipitia kwanza kwenye kibanda cha baba yake karibu na soko la Kasulu. Alivua viatu vya shule, akavaa kandambili, akachukua brashi laini na kupangusa vumbi kwenye mashine zilizosubiri matengenezo: redio, simu, kompyuta za ofisi zilizochoka. Kiangazi kile vumbi jekundu halikuwa na adabu. Ukilifuta saa tisa, saa kumi limerudi.

Baba yake, Fidele, alikuwa fundi anayejulikana mji mzima. Lakini wiki mbili zilizopita alikuwa ameanguka na bodaboda, na sasa mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, umelazwa juu ya stuli.

"Irakoze," alisema siku hiyo, "ile kazi ya shangazi yako haiwezi kusubiri mguu huu upone. Itabidi unisaidie. Na si kusaidia kupangusa. Nataka wewe ndiye uchague kasha."

Irakoze aliweka brashi chini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyewahi kumwambia achague kitu kikubwa namna hiyo.

Shangazi Uwimana, dada mkubwa wa Fidele, alikuwa mwalimu mstaafu anayeishi Heru Juu. Kila jioni wanafunzi wa darasa la saba walijaa sebuleni kwake kujiandaa kwa mtihani wa taifa. Vitabu vilikuwa vichache na mtandao wa kule ulikuja na kuondoka upendavyo, kwa hiyo shangazi alikuwa amejirekodi akifundisha hisabati na sayansi, somo baada ya somo, kwenye kompyuta yake ya mkononi. Sasa kompyuta hiyo ilikuwa imezeeka. Ilizimika katikati ya somo, na kila ilipozimika watoto waliguna wote kwa pamoja.

Ndipo Fidele alipoamua kumjengea seva, yaani kompyuta itakayokaa palepale nyumbani ikiwa na masomo yote, na kuyatuma kwenye vishikwambi na simu za watoto bila kuhitaji intaneti. Karibu vifaa vyote vilikuwa tayari mezani: mazabodi, yaani ile bodi kuu ya kompyuta, prosesa yenye feni kubwa juu yake, na diski tatu. Kilichokosekana ni kasha la kuvibeba.

"Kwa nini tusitumie kasha la kawaida, lile la kusimama mezani?" Irakoze aliuliza.

"Pale sebuleni kuna watoto arobaini. Nani hatalipiga teke? Na vumbi je? Shangazi yako ana kabati la chuma ukutani, lenye mlango na kufuli. Ndani lina reli mbili za matundu. Kuna makasha yaliyotengenezwa kukaa kwenye reli hizo. Unalisukuma ndani kama droo, unakaza skrubu, basi."

Alimwonyesha picha kwenye simu, zilizotumwa na duka moja la Kigoma mjini. Kasha la kwanza lilikuwa jembamba, linang'aa, lina taa za buluu. La pili lilikuwa nene na refu, lenye nafasi ya diski nane. Mwishoni kulikuwa na mawili mafupi, meusi, yasiyo na urembo wowote.

"Hili la taa!" alisema Irakoze.

Fidele alicheka. "Pima feni ya prosesa kwanza."

Irakoze alichukua futi akapima. Feni ilisimama sentimita kumi na mbili na nusu.

"Unene wa makasha haya huhesabiwa kwa yuniti," baba alieleza. "Yuniti moja ni sentimita nne na nusu, pungufu kidogo. Hilo la taa ni yuniti mbili."

"Halifiki hata tisa," Irakoze alisema taratibu. "Feni itagonga mfuniko."

"Umeona? Hata tatu zingebana, maana chini ya feni kuna mazabodi. Tunahitaji yuniti nne. Sasa nenda Heru Juu kesho ukapime kina cha kabati, kutoka kwenye reli za mbele mpaka ukutani. Hicho ndicho kitakachotuambia kasha liwe refu kiasi gani."

Kesho yake, Jumamosi, Irakoze alipanda Heru Juu na futi mfukoni. Alikuta mlango umefungwa. Shangazi alikuwa shambani, akivuna maharage. Irakoze alichungulia dirishani, akaliona kabati juu ukutani, la kijivu, limetulia. Alikaa kizingitini kidogo. Kisha akasikia kelele za wasichana wakicheza rede nyuma ya nyumba, na rafiki yake Kudra akamwita, "Njoo, tumepungukiwa mtu!"

Alicheza mpaka jua likaanza kuelekea magharibi. Shangazi alikuwa hajarudi, na njia ya kurudi mjini ilikuwa ndefu. Irakoze alichungulia tena dirishani, akafumba jicho moja, akakadiria. Lilifanana na kabati la ofisi ya posta alilowahi kumwona baba akilitengeneza, na lile lilikuwa na kina cha sentimita sitini. Akaandika kwenye karatasi: 60.

"Umepima mwenyewe?" baba aliuliza jioni.

"Ndiyo, baba. Nimepima."

Neno lilitoka kirahisi mno. Wakachagua pamoja kasha lile nene na refu, la yuniti nne na urefu wa sentimita hamsini na tatu, Fidele akaagiza.

Mzigo ulifika stendi Ijumaa. Kwa kuwa baba hakuweza kutembea, Irakoze na dereva wa bodaboda waliupeleka moja kwa moja Heru Juu. Shangazi Uwimana alipanda juu ya kiti, akafungua kabati, na wote wawili wakainua kasha kwa uangalifu wakaanza kulisukuma.

Liliingia vizuri. Kisha likagota.

"Sukuma tena," alisema shangazi.

Walisukuma. Kasha liligusa ukuta, na bado kipande cha upana wa kiganja kilikuwa nje. Mlango wa kabati usingefungika kwa namna yoyote.

Shangazi alishuka akampigia Fidele, akaweka simu sauti ya juu.

"Haliingii, mdogo wangu. Limezidi."

"Haiwezekani!" sauti ya Fidele ilijibu. "Irakoze alipima mwenyewe. Basi ni hao wa Kigoma, wametuma lisilo lenyewe. Ngoja niwapigie."

Baada ya dakika chache alipiga tena, akihema kwa hasira. "Nimezungumza na mwenye duka. Amesema mizigo yote hufungwa na kijana mmoja anaitwa Pasikali. Hili ni kosa lake la pili mwezi huu, na safari hii anamfukuza kazi."

Simu ilikatika. Shangazi alimtazama Irakoze, ambaye alikuwa amesimama ameshika futi mkononi kana kwamba imemwelemea.

"Mwana wanje," alisema shangazi kwa upole, akimwita mwanangu kwa Kirundi cha nyumbani, "mbona umepauka hivyo?"

Irakoze aliinua futi. Alipanda juu ya kiti, akavuta futi kutoka kwenye reli mpaka ukutani, akasoma. Arobaini na tano. Akapima tena, ingawa alijua. Arobaini na tano.

Alimfikiria huyo Pasikali asiyemjua hata kwa sura, akikusanya vitu vyake dukani. Angeweza kunyamaza. Kigoma ni mbali, na hakuna aliyemwona akichungulia dirishani. Lakini wazo hilo halikukaa hata nusu dakika, lilimchoma.

"Shangazi, naomba simu."

Alibonyeza namba ya baba yake.

"Baba, si kosa la Pasikali. Siku ile nilikuta mlango umefungwa. Sikupima. Nilikadiria kwa macho, halafu nikakudanganya."

Kwenye simu Irakoze alisikia redio ya kibanda cha jirani ikiimba mbali.

"Ni ngapi?" baba aliuliza mwishowe.

"Arobaini na tano. Nimepima mara mbili."

"Sawa. Nakutumia namba ya duka. Utawapigia wewe, si mimi. Halafu tutazungumza."

Kupiga simu hiyo kulikuwa kugumu kuliko ya kwanza. Mwenye duka alimsikiliza mpaka mwisho, akaguna, akasema basi kijana hatafukuzwa, kisha akampa Pasikali mwenyewe azungumze.

"Kaka, shikamoo. Mimi ndiye niliyekosea vipimo. Naomba unisamehe."

"Marahaba, dada," alijibu kijana yule, sauti yake imechoka. "Nilikuwa nimeshavua aproni. Asante kwa kupiga. Kasha mmelifunga skrubu? Lina mchubuko?"

"Hapana, hata nailoni yake hatujaitoa yote."

"Basi lirudishe na basi la kesho, tutakubadilishia. Ila safari hii pima kweli. Yale mafupi ni mawili, yote ya yuniti nne: moja la arobaini na mbili, jingine la thelathini na nane."

Irakoze alitaka kusema la arobaini na mbili papo hapo, maana lilikuwa na nafasi zaidi. Arobaini na mbili ni ndogo kuliko arobaini na tano. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo. Lakini alijizuia.

"Naomba nikupigie kesho asubuhi," alisema.

Jioni ile kompyuta ya shangazi ilizimika na haikuwaka tena. Watoto walirudishwa nyumbani. Kudra, aliyekuwa darasa la saba, aliuliza, "Sasa tutasoma lini?" na Irakoze alimjibu akimtazama usoni, "Mmechelewa kwa sababu yangu. Nitarekebisha."

Alibaki Heru Juu usiku huo. Asubuhi na mapema aliomba maboksi matupu dukani kwa jirani, akachukua kisu, gundi na rula. Alitengeneza kasha la boksi lenye urefu wa sentimita arobaini na mbili na unene wa yuniti nne kamili. Lilipokauka alilisukuma kabatini. Liliingia, na nyuma zikabaki sentimita tatu.

"Limetosha," alisema shangazi, akipiga makofi.

"Bado. Seva ina waya nyuma."

Alichukua waya wa umeme, akabandika kichwa chake nyuma ya boksi, akasukuma tena. Boksi likagota kabla uso wake wa mbele haujafika kwenye reli. Kichwa cha waya peke yake kilihitaji sentimita tano, na ungeukunja kwa nguvu ungekatika. Irakoze alikaa sakafuni, akakata boksi lake likawa la thelathini na nane, akajaribu upya. Safari hii liliingia na waya wake, na mlango ukafungika. Alifungua na kufunga mara tatu kuhakikisha.

Kisha akapiga simu Kigoma. "Kaka Pasikali, tunaomba la thelathini na nane. Nafasi ya diski ni ngapi?"

"Nne."

"Tunazo tatu. Na mbele lina sponji ya kuzuia vumbi?"

"Linayo, na inatoka, unaiosha. Wewe sasa unauliza kama fundi."

Irakoze alibeba lile kasha refu mpaka stendi, akahakikisha limepakiwa, ndipo akaenda kibandani kwa baba na kompyuta ya shangazi mkononi. Fidele hakupaza sauti, jambo lililomuumiza zaidi. Alimpa tu bisibisi na ile kompyuta iliyokufa. "Toa diski yake. Tuone kama masomo ya dada yangu yamo."

Yalikuwemo yote. Kwa siku tatu zilizofuata, Irakoze alinakili somo moja moja kwenye diski mpya, akafungua kila moja kuhakikisha linacheza. Hakwenda rede.

Kasha jipya lilifika Jumanne. Lilikuwa jeusi, fupi, lisilo na taa ya buluu hata moja. Fidele aliongoza kwa mdomo, na mikono ikawa ya Irakoze: mazabodi, feni, diski, waya. Mfuniko ulikaa juu ya feni bila kugusa. Jumatano Fidele mwenyewe alipelekwa Heru Juu kwa bajaji, magongo yake kwapani, akakaa kwenye kochi huku binti yake akilisukuma kasha kwenye reli na kukaza skrubu ya mwisho. Kijitaa cha kijani kikawaka. Dakika chache baadaye sauti ya Shangazi Uwimana ilitoka kwenye vishikwambi kila kona ya sebule, ikieleza sehemu na asilimia, huku mwenyewe amesimama mlangoni akijicheka.

Fidele alimwita Irakoze akae karibu naye. Watoto wengine walisogea pia, wakasikiliza.

"Nataka nikuambie jambo, na ninyi wengine mlisikie," alisema. "Kukadiria si kosa. Mimi fundi nakadiria kila siku. Ungeniambia, 'Baba, nilikuta mlango umefungwa, nimekisia tu,' ningesubiri siku moja, na mambo yangekwisha. Kosa lilikuwa kuniambia umepima. Namba ya uongo ikiandikwa kwenye karatasi inafanana kabisa na namba ya kweli. Anayeipokea hana namna ya kuitofautisha, kwa hiyo anaitumia, anaipeleka kwa mwingine, na mwishowe anaumia mtu wa mbali ambaye hata humjui."

"Najua, baba," Irakoze alisema kwa sauti ndogo.

"Najua kwamba unajua. Ungeweza kunyamaza na mimi nisingegundua mapema. Ulipiga simu. Kisha hukuishia kulia, ulikaa chini ukalipima kosa lako mpaka ukalimaliza. Mtu anayesema kweli hata inapomgharimu, huyo ndiye ninayeweza kumpa kazi na kulala usingizi."

Shangazi Uwimana alitikisa kichwa kukubali. "Ego, ndiyo," alisema. "Sasa tusome."

Kudra aliinua kishikwambi chake. "Irakoze, tukija watu sitini, seva itatuweza?"

Wote walimgeukia. Irakoze aliitazama seva, akawatazama wenzake.

"Sijui," alisema. "Kesho njooni wote sitini, tujaribu."