Mwanangu Alivyounganisha Kofia ya Mjomba na Boti ya Wareno

"Mshikeni! Fikirini ndiye anayewaita Wareno!"

Jamani... Fikirini, kaka yangu wa tumbo moja, alikuwa amekaa ubavuni kwangu, anacheka kwa sababu amejiona kwenye sinema!

Kufumba na kufumbua, wamemwangusha chini.

Mimi ni Mama Mwanahawa. Nimeishia darasa la nne, mtanivumilia. Ilikuwa 1973, kijijini kwetu, pale Ruvuma inapoingia baharini. Ng'ambo kulikuwa na vita. Juzi yake tu Wareno walikuwa wamewapiga risasi wakimbizi wakivuka, na kila mtu alikuwa anamtafuta aliyewachongea kwa adui.

Mwanangu Mwanahawa alikuwa anasomea filamu Dar. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, na Fikirini ndiye aliyesema, "Dada, mwache aende."

Kazi yake ya kwanza ya chuo ilikuwa aibu. Watu hawana vichwa, picha inatetemeka kama ina homa! Ya pili, mkono ukatulia. Ya tatu, wakamfundisha kukata vipande vya filamu na kuviunganisha.

"Mama, ukiunganisha viwili, vinazaa cha tatu!"

Likizo alimpiga mjomba wake picha kwenye mikoko, anapunga kofia. Alikuwa ananipungia mimi, nimempelekea ugali! Siku nyingine akaipiga boti ya Wareno, inageuka kwa mbali.

Chuoni akaviunganisha. Kofia inapunga... boti inageuka.

Mwalimu akamsifu. Gari la sinema lilipokuja kijijini, mwanangu akaomba waionyeshe.

Ndipo Mzee Isihaka, balozi wetu wa nyumba kumi, akapiga ile kelele. Wakamfungia kaka yangu kwenye ghala la korosho.

"Balozi, alikuwa ananipungia mimi!"

"We si dada yake? Utasema nini kingine? Au sisi wote tuna chongo?"

Mwanahawa hakulia. Alichukua wembe na gundi, akashinda anakata. Akamtoa mjomba, akambandika Mzee Isihaka akipunga mkono arusini, kipande alichokipiga likizo ile ile.

Jioni ya kesho yake gari likawasha sinema tena. Balozi anapunga... boti inageuka!

"Mmeona?" mwanangu akapaza sauti. "Balozi alikuwa arusini, wengine mlikuwepo! Ni wembe wangu tu! Na ya mjomba ni hivyo hivyo!"

Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kaka yangu amepona.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, taratibu kabisa:

"Kumbe walikuwa wawili."

Weee!

"Binti, waambie!" Mzee Isihaka alilia huku wanamburuta. "Waambie nilikuwa arusini!"

"Nimewaambia! Nimewaambia!"

Mwanangu alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nani amsikilize?

Alfajiri lori la watu tusiowajua likawachukua wote wawili. Hatukuwaona tena, wala makaburi yao.

Chuoni filamu ile ilipata alama za juu kuliko zote. Mwanangu alikuwa akisinzia tu, anashtuka: "Mama, boti inageuka!"

Leo mjukuu wangu ameanza kusomea kazi hiyo hiyo, anakata video kwa simu, na watu wanampigia makofi. Mimi silali.

Wazazi wenzangu, msifurahie tu kwamba mtoto ni fundi. Muulizeni ameweka uso wa nani mle ndani, na watakaotazama wana hasira na nani.

Maana watu wenye hofu hawatazami picha. Wanatafuta wa kumshika.