Mashine Iliyokataa Kupoa

Mashine ya pili ilikuwa imezimwa tangu jana yake, waya umechomolewa ukutani, lakini asubuhi hiyo Khaemba alipoweka kiganja juu ya kava aliikuta na joto la shavu la mtoto mwenye homa.

Ilikuwa Julai 2008, na baridi ya Nakuru ilimfanya avae sweta mbili. Khaemba alikuwa fundi katika duka la kompyuta la Manju, mama wa Kihindi aliyelirithi kwa babake. Wiki hiyo Manju alimpa kazi moja: apandishe kasi ya prosesa, ubongo wa kompyuta, katika mashine mbili za aina moja kupita kiwango cha kiwanda, moja aipoze kwa feni kubwa, ya pili kwa maji yanayosukumwa na pampu ndogo hadi kwenye rejeta ya kutolea joto, kisha aseme ni ipi inayostahimili. Mpango wa maji ulibuniwa na Naftaly, fundi mwenzake aliyefariki Januari. Khaemba alimwambia Manju kwamba ameubuni yeye mwenyewe.

Akaziwasha zote mbili. Ya feni ilifika digrii sitini na nane ikatulia. Ya maji, ambayo ndiyo ingekuwa baridi, ilipanda themanini, tisini, mia. Akairudisha kwenye kasi ya kawaida. Haikushuka. Akashika mpira wa maji. Ulikuwa baridi kama umetoka frijini.

"Khaemba, ni nini inaungua?" Manju aliuliza kutoka kaunta.

"Ni vumbi tu, madam."

Halikuwa vumbi. Ilikuwa harufu ya nywele zinazoungua. Akachomoa nyaya zote mbili, na feni zote zikanyamaza isipokuwa moja, ile ndogo ya mashine ya maji, iliyoendelea kuzunguka bila stima, polepole, kisha kwa kasi, ikivuma kama mtu anayehema baada ya kukimbia, na ndani ya ule mvumo, saa sita mchana, huku watu wakipita nje na mifuko yao ya sokoni, sauti ikajikusanya silabi moja baada ya nyingine mpaka ikawa na jina lake.

"Khaemba. Fungua. Ni mimi."

Manju alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni. "Hiyo ni Naftaly," akanong'ona. "Kwa nini anasema ufungue?"

Khaemba alijua kwa nini. Januari, siku mji ulipochafuka kwa ghasia za uchaguzi, alikuwa peke yake dukani, mlango na grili yake vimefungwa. Naftaly alikuja mbio, kundi la watu likimfuata, akaita maneno hayo hayo. Khaemba alikuwa na ufunguo mkononi. Akakumbuka kwamba Manju alikuwa ameahidi kumfanya Naftaly mkubwa wa mafundi. Akazima taa. Kisha akasikia chupa ya petroli ikivunjika.

Manju alimwita maalimu kutoka msikitini. Mzee alikuja na bakuli la maji, akaliweka kando ya mashine, akaanza kusoma. Hakumaliza. Maji yalichemka mbele ya macho yao, bila moto chini yake.

"Huyu hatoki kwa kisomo," alisema akifuta jasho. "Ametumwa. Aliyemtuma ndiye anaweza kumwita. Wewe, fundi, unamjua."

Khaemba alijua mtu mmoja tu mwenye sababu ya kumtuma. Alasiri hiyo alikwenda hadi Bahati, nje ya mji, kwa Jerotich, mjane wa Naftaly. Alimkuta uani akipukuchua mahindi, manyunyu yakianza kudondoka. Hakusubiri kukaribishwa. Alipiga magoti matopeni akasema yote: grili, ufunguo, taa, na mpango wa maji.

Jerotich aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha.

"Naftaly aliishi siku tatu hospitali," akasema. "Mdomo ulikuwa umeungua, lakini aliongea. Alisema aliona viatu vyako chini ya mlango kabla uzime taa. Mimi nimejua tangu Januari."

"Mbona hukunishtaki?"

"Kwa nani? Waliomchoma moto wanatembea hapa barabarani wananisalimia. Nikaenda mbali, kwa mganga anayefungulia majini na mizimu. Sikuuliza kama ni jini au ni mume wangu mwenyewe. Nilimwambia tu mahali pa kuanzia: dukani kwenu."

"Mama, tafadhali. Mwite arudi. Nimekubali makosa."

"Umekubali kwa sababu umeogopa." Akatikisa maganda kwenye kanga yake. "Miezi sita, hukuleta hata pole."

Simu ya Khaemba ikalia. Alikuwa Manju, akicheka na kulia kwa pamoja. "Khaemba, imepoa! Ile mashine. Nimegusa mwenyewe, baridi kabisa. Umefanya nini?"

Khaemba aliishusha simu. Kitu kilikuwa kimeanza chini ya mbavu zake, kidogo kama kibiriti, kisha kikapanda shingoni, masikioni, hadi kwenye mizizi ya nywele. Alivua sweta ya juu, akavua ya pili, akafungua vifungo vya shati. Mvua ilikuwa imekolea. Ilimpiga mabegani na kugeuka mvuke kabla haijatiririka.

"Jerotich," akasema. "Jerotich, maji."

Jerotich akavuta kigoda chake hadi mlangoni, mahali mvua haimfikii, akaketi kumtazama.