Ua la Magadi

Haya niliyaona mimi, kwa mama yangu mdogo Bathsheba, kule Ikonge, mwaka wa sabini na moja. Asiyetaka kuamini na aache.

Aprili hiyo mwanawe wa pekee, Nyasani, alikuja likizo kutoka Magadi alikofanya kibarua. Alibeba kijiti cha miiba kilichofungwa kwenye gazeti. Tulimcheka. "Yaani umetuletea kuni?" Kumbe ni ua. Alikikata chini, utomvu mweupe ukachuruzika, akakiacha kikauke siku kadhaa. Ndipo akakipanda kwenye debe la mchanga na kokoto, upenuni, mvua isipofika.

"Mama, udongo ukauke kabisa ndipo ukipe maji kidogo," alisema. "Ukikihurumia, umekiua."

Mama mdogo alicheka. Ikonge mvua hunyesha karibu kila alasiri. Nani kwetu aliwahi kuogopa maji?

Nyasani akarudi kazini. Ua likachanua, jekundu kabisa. Agosti, Alfayo, mwenzake wa kazini, akaja mikononi ameshika shati la Nyasani. Nyasani alikuwa amepotea kwenye nyika ile nyeupe ya magadi, akafa kwa kiu. Walimzika huko huko. Joto la huko halingoji maiti.

Kwetu mtu huzikwa kwao, karibu na nyumba ya mamake. Mama mdogo hakuwa na kaburi la kulilia. Alibaki na debe.

Akaanza kulimwagilia. Asubuhi, mchana, jioni. Nikamkumbusha maneno ya Nyasani.

"Nyamaza! Mwanangu amekufa akililia maji, nawe waniambia nimnyime?"

Nikamwacha amwagilie.

Majani yakaanza kudondoka. Alasiri moja ya mvua, nikichambua mboga za chinsaga jikoni, nikasikia mtu akikohoa upenuni. Kikohozi cha mtu aliyepaliwa na maji. Nikatoka mbio. Hapakuwa na mtu. Debe tu, limejaa maji hadi ukingoni.

Kisha sauti, chini chini.

"Mama. Inatosha."

Mama mdogo alikuwa nyuma yangu. Alisikia. Machozi yalimtiririka.

"Ananiita," akanong'ona. "Ana kiu."

Akanyakua mtungi, akashika njia ya mtoni. Nilimfuata kwenye mvua, nikamvuta leso. "Mama, amesema inatosha!" Wapi! Hakunisikia.

Tuliporudi mvua ilikuwa imekatika. Kiwanja chote kilikuwa tope. Juu ya tope lile, kutoka langoni hadi mlangoni, palikuwa na nyayo. Za miguu mitupu. Nyeupe. Kavu.

Mlangoni zilikuwa nyingi, zimepandana, za mtu aliyebisha akangoja sana. Kisha ziligeuka. Zikarudi langoni.

Mama mdogo alipiga magoti. Akagusa wayo mmoja, akaonja kidole.

"Magadi," alisema. "Mwanangu amekuja nyumbani. Nami nilikuwa nimeenda kumchotea maji."

Nililigusa lile ua. Shina lilibonyea, limeoza lote. Mama mdogo hakupiga hata yowe. Heri angepiga. Alikaa pale mlangoni na mtungi wake uliojaa, na tangu siku hiyo hakufunga mlango tena, hata wakati wa mvua ya mawe, mpaka tulipomzika.

Nyumba ile ilibomolewa, pakapandwa chai. Palipokuwa mlango, chai imekataa kuota: sehemu ndogo tu, ya kutosha miguu miwili iliyosimama pamoja. Mvua hunyesha pande zote, hapo hapalowi. Juzi nilikwenda, nikainama, nikaonja.

Bado ni magadi.