Duara la Kofia ya Hamood

Kila siku akitoka skuli, Mwatum alipitia kwa Bi Kazija kabla ya kufika kwao. Nyumbani alikuwa akingojwa kuchambua karafuu, kwani ulikuwa msimu wa mavuno wa mwaka 1959 na mitaa ya Wete ilikuwa imetandikwa majamvi ya kuzianikia. Lakini kazi hiyo ilingoja. Kwanza lazima aone Bi Kazija ameshona nini leo.

Bi Kazija alikuwa mshonaji wa kofia za mkono. Kabla ya kuanza ua jipya, alilijaribu kwenye kipande cha kitambaa cha bafta, kisha akakitupa kile kipande kwenye pakacha. Mwatum aliviomba vipande hivyo, akapewa. Sasa alikuwa navyo kumi na tisa ndani ya mkebe wa biskuti. Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini, alimnong'oneza rafiki yake Time: "Ile ya Bi Kazija. Ile siyo. Ile yake." Hakukosea hata mara moja, na jambo hilo lilimtia kiburi kidogo.

Siku moja alikuta baraza haina mtu. Bi Kazija alikuwa ndani akisali, na mkoba wake wa kazi ulikuwa wazi mkekani. Ndani yake mlikuwa na duara la juu la kofia, limekwisha kushonwa, lenye ua ambalo Mwatum hakupata kuliona maishani. Alijua ni la kofia ya harusi ya Hamood, mtoto wa Bi Zuweina. Alijua pia kwamba vya kupewa hukaa kwenye pakacha, si kwenye mkoba.

"Nitalitazama leo tu, kesho nitalirejesha," alijiambia. Wezi wengi huanza na kesho.

Nyumbani alilitia duara mkebeni. Aliogopa mende, na alikuwa amemwona mama yake akitia karafuu kwenye sanduku la nguo. Basi alichota gao moja la karafuu kutoka kwenye jamvi, akazimwaga juu ya duara, akafunika. Hakukumbuka kwamba mama hutia karafuu zilizokauka. Hizi zilikuwa zimechumwa asubuhi ile ile.

Kesho yake alikuta watu barazani, akashindwa. Keshokutwa akashindwa tena. Siku ya nne Time alimjia mbio.

"Umesikia? Bi Mize kaiba kofia ya harusi!"

Bi Mize alikuwa mjane wa jirani. Bi Kazija akimaliza duara, Bi Mize ndiye aliyeshona ukanda wa pembeni na kuviunga viwili hivyo. Hapakuwa na mtu mwingine aliyefungua mkoba ule.

"Nani kasema?" Mwatum aliuliza.

"Watu wote! Bi Kazija kamwambia asije tena."

Mwatum alikimbia kwao, akafunua mkebe. Karafuu mbichi zilikuwa zimetoa majimaji, na duara jeupe lilikuwa na madoa ya hudhurungi. Alilifua kwa sabuni. Akalikamulia ndimu. Akalianika juani. Madoa yakazidi kuenea. Alijificha nyuma ya jiko akalia. Akilirejesha, litaonekana limeharibika; asipolirejesha, Bi Mize ataitwa mwizi. Hakuona njia ya tatu.

Siku mbili alipita mbele ya nyumba ya Bi Mize. Mjane yule alikuwa amekaa kizingitini, hana sindano wala uzi, mikono imelala mapajani.

"Hujambo, mwanangu?" alimwamkia kama desturi yake.

Mwatum aliitikia, akapita mbio. Siku ya tatu alimkuta anafunga mzigo.

"Nnakwenda Tumbe kwa kaka yangu," Bi Mize alisema. "Hapa sina kazi tena."

Hapo Mwatum hakuweza kustahamili. Alikwenda kwa Bi Kazija, akaliweka duara mapajani mwake.

"Ni mie, Bi Kazija. Nimelichukua mie."

Bi Kazija alilinusa. "Karafuu mbichi," alisema. Mwatum alingoja kofi. Badala yake aliona machozi yakimdondoka yule mama, na alitamani angepigwa.

"Na mie nimemfukuza mwenzangu," alisema Bi Kazija. Akavaa buibui lake. "Inuka. Twende."

Walimkuta Bi Mize bado anakunja nguo. "Nimekudhulumu, Mize," alisema Bi Kazija. "Nisamehe. Rudi tushone."

Bi Mize alikunja kanga moja, akaikunja na ya pili. "Weye nimekusamehe. Lakini walonisema ni mtaa mzima. Hao nani atawambia?"

Wote wawili wakamtazama Mwatum.

Alasiri ile Mwatum alipita nyumba kwa nyumba, Bi Mize akiwa nyuma yake. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Bi Mize hakuiba. Nimeiba mie." Wengine waliguna, wengine walimcheka. Bi Zuweina alishika kichwa. "Mwanangu atavaa nini siku ya harusi?"

"Ua nimelishika kichwani," alijibu Bi Mize. "Ntashona duara jengine mie mwenyewe, na litawahi."

Mlango wa saba, wa mwisho mtaani, ulikuwa wa mama mmoja mwenye maneno mengi. Aliposikia, alijishika mdomo. "Lahaula! Na mie jana nimewahadithia wachuuzi wa samaki wa Tumbe, nao wamesharudi kwao!"

Mwatum aliitazama barabara ya Tumbe. Ilikuwa ndefu, na hakumjua mtu hata mmoja huko. "Sasa nifanye nini, Bi Mize?" aliuliza huku akilia.

Bi Mize alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. Hakukasirika, lakini hakutabasamu.

"Ungesema siku ile ile, mwanangu, ungebisha mlango mmoja tu. Leo umebisha saba, na wa nane hatuujui uko wapi."